Kubadilisha Simu: Kipya Kinyemi au Usiache Mbachao?

Nina dukuduku moyoni ambalo sina budi kulitoa.

Wahenga hawakosi la kusema. Walinena kuwa kipya kinyemi kingawa kidonda. Wahenga hao hao wakageuka, wakatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Je, mtu anayetaka kubadilisha simu yake amsikilize mhenga yupi? Hilo ndilo swali ninalotaka tulipime pamoja, maana kwetu nyumbani lilitukosesha usingizi likizo nzima ya Agosti.

Kisa chenyewe kilianzia papa hapa shuleni. Katika mjadala wa chama chetu muhula wa pili, hoja ilikuwa kwamba mwenye simu kuukuu aibadilishe bila kusita. Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande uliounga mkono. Siku hiyo nilinguruma! Nilisema dunia inakwenda mbio na anayebaki nyuma atakula vumbi. Nikasema simu ya zamani ni sawa na jembe butu, linamchosha mkulima na shamba halilimiki. Ukumbi ulijaa makofi, tukashinda. Nikaenda nyumbani kifua mbele.

Mama alinisikiliza nikijigamba mpaka nikamaliza. Kisha akatoa simu yake, akaiweka mezani, akaniambia, "Haya, mshindi wa mjadala. Hii niibadilishe au niiache? Na ukisema niibadilishe, useme na pesa zitatoka wapi."

Ndugu msomaji, nilibabaika. Kwenye jukwaa hakuna anayekuuliza pesa zitatoka wapi.

Mama yangu ni fundi cherehani katika soko la Runyenjes. Simu yake ni simu janja aliyoinunua mwaka 2019. Sasa kioo kimepasuka kutoka pembe hadi pembe. Hifadhi yake ni ya gigabaiti 16 tu, na imejaa pomoni, hata picha moja ikiingia lazima nyingine itoke. Betri nayo imechoka. Anaitoa nyumbani asubuhi imejaa chaji, ikifika saa nane mchana imezima. Mwezi wa Juni kwaya moja ya kanisa ilimpigia ikitaka sare za watu 24. Simu ilikuwa imezima. Kufikia jioni kazi ilikuwa imekwenda kwa fundi mwingine. Kwa hivyo hilo halikuwa jambo la anasa. Lilikuwa jambo la unga na karo.

Baba kwa upande wake hakutaka kusikia. Yeye hulima majani chai huko juu Kianjokoma, na simu yake ni kabambe ya vibonye, ile ambayo watu huiita mulika mwizi. "Simu ni ya kupiga na kupokea," akasema. "Bonasi ikija Oktoba kuna karo ya msichana na kuna mbolea. Hakuna simu." Mama akamjibu kwa upole, "Baba watoto, hata mbolea ni ya kufanya majani yaongezeke. Na simu yangu ni mbolea yangu." Nyumba ikawa kimya. Nami nikajua kwamba mjadala wa kweli ndio unaanza.

Kabla ya kupima, tukumbuke tulikotoka. Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ilitoa simu aina ya 1100, yenye tochi kichwani. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na bila shaka nyingine ziliangaza njia za vijiji vyetu. Mwaka 2007 yalitokea mambo mawili makubwa. Mwezi wa Machi Safaricom ilianzisha M-Pesa hapa Kenya, na mwezi wa Juni simu ya kwanza ya iPhone ikaanza kuuzwa Marekani. Mwisho wa Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano ya Kenya ilizima simu bandia, na waliokuwa nazo wakalazimika kutafuta nyingine wapende wasipende. Mwezi wa Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu janja kikafunguliwa Athi River. Utaona basi kwamba watu hubadilisha simu kwa sababu tatu: kupenda, kuhitaji na kulazimishwa. Sisi tulitaka kujua Mama yuko kundi gani.

Hebu tuanze na faida za kubadilisha.

Kwanza kabisa ni kazi. Nina mjomba huko Maua, Meru, ambaye huuza miraa. Kila mtu ajuaye miraa anajua kuwa haingoji mtu. Ikikaa siku mbili tatu hivi imekauka na thamani imekwisha. Zamani mjomba alitumia simu ya vibonye, na mnunuzi wa Nairobi alimwamini au hakumwamini kwa maneno tu. Alipobadilisha akaanza kupiga picha za vifurushi alfajiri na kuzituma. Mnunuzi anaona rangi ya majani kabla gari halijaondoka. Kwa mjomba, simu mpya ilijilipa yenyewe kwa muda wa msimu mmoja. Siwezi kumwambia alikosea.

Pili ni habari. Shangazi yangu analima muguka Siakago. Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, kisha Mahakama Kuu ikayasimamisha marufuku hayo kwa muda, bei shambani ilipanda na kushuka kama bembea. Waliokuwa na simu za kusoma habari walijua leo wavune au wangoje. Waliokuwa hawana waliambiwa na madalali, na dalali hukwambia linalomfaa yeye.

Tatu ni masomo. Nilikuwa darasa la sita shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Walimu wetu walituma maswali kwa WhatsApp. Waliokuwa na simu nzuri nyumbani walisoma, sisi wengine tukachunga ng'ombe. Mimi niliazima simu ya jirani Jumamosi tu, tena kwa dakika chache. Machungu hayo sijayasahau.

Nne ni usalama. Watengenezaji husasisha programu endeshi za simu zao ili kuziba mianya ambayo wezi wanaweza kuipitia. Lakini hawazisasishi milele. Simu nyingi za bei ya chini hupata huduma hiyo kwa miaka miwili mitatu hivi, kisha huachwa kama yatima. Baadhi ya simu ghali, kama Google Pixel 8 ya mwaka 2023 na Samsung Galaxy S24 ya mwaka 2024, ziliahidiwa miaka 7. Simu ya Mama haijasasishwa siku nyingi, na programu ya benki yake ilikuwa imeanza kumwonya kuwa simu hiyo ni ya kale. Hiyo si hoja ya kupuuzwa.

Naam, hizo ndizo hoja nilizozitumia siku ya mjadala, na bado nazikubali. Lakini kila shilingi ina pande mbili. Sasa tugeuze upande wa pili.

Hasara ya kwanza ni bei, na hasa bei iliyojificha. Mama alipouliza Embu mjini, kijana wa duka moja la simu za mkopo alimtajia simu nzuri: malipo ya kwanza Sh. 3,000, halafu Sh. 75 kila siku kwa siku 365. "Mama, ni bei ya chapati mbili na chai tu," akamwambia huku akitabasamu. "Haba na haba hujaza kibaba." Mama nusura atie sahihi. Jioni nilichukua kalamu na karatasi. Sh. 75 mara siku 365 ni Sh. 27,375. Ongeza zile 3,000, jumla ni Sh. 30,375. Simu ile ile, duka la pili kutoka pale, ilikuwa inauzwa Sh. 19,500 pesa taslimu. Tofauti ni Sh. 10,875! Kijana yule alitaja methali nzuri, ila alikosea upande. Kwake yeye ni haba na haba hujaza kibaba. Kwa Mama ni bandu bandu huisha gogo.

Tena simu hizo za mkopo zina jambo lingine: usipolipa, inafungwa. Fikiria mtu ameugua wiki moja, soko hakwenda, pesa hana. Simu inafungwa wakati ule ule anapoihitaji sana kuliko siku zote. Sisemi mkopo ni dhambi. Asiye na njia nyingine na mwenye kazi ya kuingiza pesa kila siku, kama mjomba, anaweza kuubeba. Lakini asiambiwe ni chapati mbili.

Hasara ya pili inahusu simu za mtumba, zile ambazo wauzaji huziita "eks-yukei". Baadhi ni nzuri ajabu. Mama alionyeshwa moja ya Sh. 14,000, inang'aa kama kioo cha saluni. Lakini mnunuzi wa mtumba hana budi kuwa na macho manne. Betri za simu hizi hupungua nguvu kwa kadiri zinavyochajiwa. Baada ya mizunguko mia kadhaa ya chaji betri haibebi tena kama ilivyobeba ilipokuwa mpya. Nje inang'aa, ndani imezeeka. Isitoshe, simu inaweza kuwa bado imefungwa na akaunti ya mwenyewe wa kwanza, ukifika nyumbani inakudai nywila usiyoijua. Mbaya zaidi, inaweza kuwa ya wizi. Kupokea mali ya wizi ni kosa katika sheria za Kenya, na "sikujua" ni neno ambalo utalazimika kulieleza mbele ya wakubwa. Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, bonyeza *#06# uone namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, uilinganishe na ile ya kwenye kasha, tena udai risiti. Muuzaji akikasirika, shukuru, umeokoka.

Hasara ya tatu ni vifuatavyo. Chaja ya zamani huenda isiingie katika simu mpya. Kasha la zamani halifai. Simu yenye kioo kikubwa inakula data na chaji zaidi. Na mtandao nao je? Huku kwetu kwenye miteremko ya Mlima Kenya kuna mabonde ambako ukisimama huku unapata mtandao, ukivuka kijito unapotea. Mtu atanunua simu ya 5G kwa pesa nyingi, ilhali kijijini mwake hata 4G inakuja kwa kuvizia. Huko ni kununua gari la mbio na kulipitisha kwenye njia ya ng'ombe.

Hasara ya nne ndiyo iliyonigusa, na nitaieleza bila kuificha. Mwaka juzi kaka yangu alibadilisha simu. Ile ya zamani alimpa fundi mmoja aifute ili aiuze, naye fundi akaifuta kama alivyoagizwa. Pesa aliyopata ilikuwa Sh. 2,500. Wiki mbili baadaye tukakaa jioni, Baba akasema, "Hebu tusikilize zile hadithi za nyanya yenu." Nyanya alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kaka alikuwa amemrekodi siku za mvua akituhadithia kwa Kiembu habari za sungura na fisi, na mwishoni akimwita kila mjukuu kwa jina. Kaka akatafuta kwenye simu mpya. Hakuna. Akatafuta kwenye akaunti. Hakuna. Hakuwa amehifadhi popote. Baba hakugomba. Aliinuka tu akaenda kufunga ng'ombe, na hatukuongea tena mpaka asubuhi. Kwa Sh. 2,500 tuliuza sauti ya nyanya.

Wengi hudhani ukihamisha laini umehamisha kila kitu. Sivyo. Pesa za M-Pesa zimefungamana na namba yako, si na kifaa. Ukitia laini katika simu nyingine unazikuta. Lakini picha, sauti, na mara nyingi majina ya watu na mazungumzo ya WhatsApp hukaa ndani ya simu yenyewe mpaka wewe uyahamishe. Kutoka Android hadi Android ni rahisi kidogo, mradi akaunti ni ile ile na umehifadhi nakala. Kutoka Android kwenda iPhone ni safari yenye hatua zaidi, na iPhone hiyo sharti iwe mpya au iwe imefutwa kwanza. Tena simu kuukuu usiitupe tu. Betri zake zina madini kama kobalti, ambayo sehemu kubwa huchimbwa nchini Kongo na watu wanaosema Kiswahili kama sisi, wengine kwa mikono mitupu. Kitu kilichotolewa ardhini kwa jasho namna hiyo hakistahili kuishia shimoni nyuma ya jiko.

Hapa nina neno kwa wanafunzi wenzangu. Tuambiane ukweli. Wengi wetu tunaposema "simu ile imepitwa na wakati" hatusemi habari za kazi. Tunasema habari za majirani. Shuleni simu haziruhusiwi, lakini likizo ikifika hatukosi kuulizana, "Wewe una gani?" Nimemjua mwenzetu aliyegoma kula siku mbili nyumbani ili mamake amnunulie simu yenye kamera tatu. Alinunuliwa, na mbuzi akauzwa. Mimi mwenyewe si mtakatifu. Siku ile nikinguruma jukwaani, moyoni nilikuwa nikiwaza kwamba Mama akinunua mpya, ile ya zamani itakuwa yangu! Ndiyo maana nilishinda mjadala kwa urahisi. Nilikuwa nikijitetea mwenyewe.

Sasa tuliamuaje? Tulimwendea fundi wa simu pale Runyenjes. Akaifungua, akaitazama, akasema, "Mama, moyo wa simu hii bado mzima. Ni betri na uso." Betri Sh. 1,200, kioo Sh. 2,800, kadi ya kuhifadhi picha Sh. 900. Jumla Sh. 4,900. Alikuwa mkweli, akaongeza kwamba asimdanganye, labda itasukuma miaka miwili hivi, na kwamba kadi haitaifanya simu iwe na mbio zaidi.

Nikapiga hesabu ya pili, na hii ndiyo ninayojivunia kuliko kalamu ya ushindi. Ile Sh. 75 ambayo Mama angelipa kila siku kwa siku 365, akiiweka akiba mwenyewe itafika Sh. 19,500 kwa siku 260 tu. Wakati huo atanunua mpya kwa pesa taslimu, bila deni, bila kufungiwa. Ukijumlisha gharama ya fundi, atakuwa ametumia Sh. 24,400, na bado ni pungufu ya bei ya mkopo kwa Sh. 5,975. Baba alichukua ile karatasi, akaisoma mara mbili, akasema, "Hapo sasa umesema." Bonasi ikaachwa ifanye kazi yake ya karo na mbolea.

Najua mpinzani wangu atauliza: je, kama katika hizo siku 260 kazi nyingine itapotea? Ni swali la haki. Ndiyo maana betri ilitangulia, kwa sababu kilichompotezea Mama kazi kilikuwa betri, wala si umri wa simu. Kuhusu benki, Mama ameamua kwa sasa atumie M-Pesa na kwenda benki mwenyewe, mpaka simu mpya ipatikane. Ni usumbufu, lakini unavumilika.

Kwa maoni yangu basi, anayetaka kubadilisha simu ajiulize maswali manne. Je, simu niliyo nayo inashindwa na kazi gani hasa? Je, fundi hawezi kuiponya kwa robo ya bei ya mpya? Je, bei yote hadi siku ya mwisho ni ngapi, na mtengenezaji ataisasisha kwa miaka mingapi? Na je, nimehamisha kila kitu ambacho pesa haiwezi kukinunua tena? Akiyajibu yote manne na bado akaona abadilishe, na abadilishe kwa amani, kama mjomba wa Maua. Akishindwa na hata moja, basi angoje.

Mimi niliyeshinda mjadala muhula wa pili ninakiri hapa mbele yenu kwamba leo nimehamia upande wa wapinzani, ingawa si kwa miguu yote miwili. Msala mpya ni mzuri na siku yake itafika. Lakini kabla hujaukunja mbachao, ukung'ute kwanza uone kilichomo ndani.

Siku ya kuondoka kurudi shuleni Mama aliniita. Alikuwa ameishika simu yake, kioo kipya kinang'aa. Akabonyeza, akamwelekezea Baba aliyekuwa akinoa panga, akamwambia, "Baba watoto, hebu tuambie hadithi moja." Baba alicheka, akakataa, kisha akaanza. Tumeihifadhi mahali pawili.